Kahawa Iliyosahauliwa Yaweza Kufufuliwa kwa Msumeno

Ndugu mkulima, labda nyuma ya nyumba yako, kati ya mahindi na boma la ng'ombe, iko eka moja au nusu eka ya kahawa ambayo haijaguswa na mtu kwa miaka mingi. Pengine iliachwa na baba yako. Pengine ulipopewa kipande chako katika skimu uliikuta imesimama hapo. Sasa imepita paa la nyumba. Chini ni mashina matupu, juu ni kichaka cha majani, na matunda machache yako kwenye ncha ambazo hazifikiwi hata kwa ngazi. Kila mwaka watu wa nyumbani hukutana na kuulizana swali lile lile: je, tuing'oe tupande majani ya napier? Au parachichi? Au tuikate ardhi ploti tuuze?

Kabla hamjachukua shoka, someni ukurasa huu pamoja.

Mti wa kahawa ulioachwa si mti uliokufa. Kilichozeeka ni mbao za juu. Mizizi iliyo chini ingali hai, nayo ilichukua miaka mingi kushuka ardhini. Ukiing'oa na kupanda miche mipya, utanunua miche, utachimba mashimo, utaingoja mizizi midogo ishuke, na jua kali la mwaka wa kwanza laweza kukuulia sehemu ya kazi yako. Lakini ukikata shina la zamani na kulea chipukizi juu ya mizizi ile ile, una mti mchanga wenye miguu ya mzee. Wako wakulima Kenya wanaochuma kahawa juu ya mizizi iliyopandwa zaidi ya miaka 60 iliyopita, na wamekwisha kubadili mashina mara nyingi.

Kazi hii inataka msumeno, mkasi wa kupogolea, kisu kikali na moyo wa kukata. Moyo ndio unaokosekana zaidi.

Kahawa hii ilitoka wapi

Ukifika Nairobi kwa shughuli zako, na ukiwa na saa moja ya kupoteza, panda matatu ya kwenda upande wa magharibi kwa Barabara ya Waiyaki. Utapita karibu na Lavington, Kangemi na Loresho mpaka Kabete. Leo utaona magorofa, kuta za mawe na malango ya chuma. Lakini sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa kahawa, na huenda mibuni yako ni watoto wa mibuni iliyosimama pale.

Mapadri Wafaransa walipanda mbegu za kahawa Bura, katika Taita, mwaka 1893. Wenzao walipoanzisha misheni ya St. Austin's mwaka 1899, mahali ambapo sasa ni ndani ya mji, kahawa ilifuata. Kutoka huko ilienea katika mashamba ya Wazungu, na watu wakaiita kwa jina la misheni hiyo ya Wafaransa. Baadaye serikali ilikuwa na maabara ya kilimo huko Kabete, iliyoitwa Scott Laboratories. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa maabara hiyo walichagua miti iliyokuwa bora na kuipa namba. Herufi za S na L unazozisikia katika SL28 na SL34 ni za jina la maabara hiyo. SL28 ilichaguliwa kutokana na kahawa iliyotoka Tanganyika, ambayo ilisifiwa kwa kuvumilia ukame. SL34 ilitokana na mti mmoja uliokuwa katika shamba la Loresho, Kabete. Shamba hilo sasa ni makazi ya watu. Lakini watoto wa mti ule wako milimani kote.

Wakati huo Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kupanda kahawa hiyo. Majaribio madogo yalianza katika miaka ya 1930 huko Kisii, Meru na Embu, na mlango ulifunguliwa sawasawa tu baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Kisha, kuanzia mwaka 1962, mashamba makubwa yakaanza kununuliwa na kugawiwa watu. Kwa hiyo mzee wako aliyepanda kahawa hiyo aliipanda kama mtu anayedai haki yake. Si ajabu kwamba hataki kuiona ikikatwa. Mweleze kwamba msumeno si kung'oa. Akikuelewa hapo, nusu ya kazi imekwisha.

Kwa nini iliachwa? Sababu unaijua. Mwaka 1989 mapatano ya nchi zilizogawiana soko la kahawa la dunia yalivunjika, bei ikaanguka, malipo yakachelewa, na watu wengi wakachoka. Katika msimu wa 1987/88 Kenya ilipata karibu tani 130,000 za kahawa safi. Katika miaka ya karibuni mara nyingi hatukufika nusu ya hiyo. Sehemu ya upungufu huo ni mashamba yaliyogeuka kuwa majumba, kama hayo ya magharibi ya Nairobi. Lakini sehemu nyingine ni mibuni iliyosimama hai kabisa, haipogolewi wala haizai.

Kwa nini mti huacha kuzaa

Nenda shambani, ushike tawi moja, ulitazame kutoka shinani mpaka nchani. Karibu na shina tawi ni kijivu na halina kitu. Mbele kidogo utaona makovu ya matunda yaliyochumwa. Mbele zaidi, pale penye rangi ya kijani au hudhurungi changa, ndipo penye maua au matunda.

Jambo lote liko hapo. Kahawa huchanua juu ya mbao iliyoota mwaka uliopita. Kifundo kilichokwisha kuzaa hakitegemewi kuzaa tena. Kwa hiyo kila mwaka matunda husogea mbele, na shina nalo hupanda juu kutafuta jua. Usipokata, matunda hukukimbia: hutoka kwenye kifua chako, hufika kichwani, halafu hupita mikono. Mti hulisha shina refu na matawi makongwe yasiyo na faida, na chakula kinachofika nchani ni kidogo. Majani ya juu nayo hutia kivuli kama mwavuli, na chini hakichipui kitu.

Tena kichaka kama hicho ni nyumba nzuri ya maadui. Mdudu antestia, yule anayefyonza punje na kuzioza, hupenda mahali penye giza na majani mengi. Unyevu hukaa humo mpaka saa nne asubuhi, na ukungu wa kutu ya majani na wa chule-buni, ambao wengi hapa huuita CBD, hufurahi. Ukipiga dawa, dawa hubaki kwenye majani ya nje. Mkulima husema dawa ni mbaya, kumbe dawa haikuingia.

Hesabu kabla ya kuogopa

Watu husema, "Nikikata, mwaka huu nitakula nini?" Ni swali la haki, basi tulipigie hesabu.

Kahawa ya zamani hupandwa futi 9 kwa futi 9. Hiyo ni karibu miti 540 kwa eka. Tuseme kila mti wako uliosahauliwa hutoa kilo 2 za matunda mabichi. Wengi hawapati hata hizo. Eka nzima inakupa karibu kilo 1,080. Ukikata theluthi moja ya shamba, yaani miti 180, unapoteza kilo 360 za matunda. Kwa kuwa inahitaji kilo 6 au 7 za matunda kupata kilo moja ya kahawa safi, hasara yako ni karibu kilo 55 za kahawa safi. Hiyo ndiyo bei ya kuanza. Mti uliofufuliwa na kulishwa ukikupa kilo 8 tu, miti hiyo 180 peke yake itakuletea kilo 1,440, kuliko eka nzima ya sasa.

Ndiyo maana tunasema theluthi moja kila mwaka. Kuna wanaokata shamba lote kwa siku mbili. Miti haiwadhuru kwa kufanya hivyo, lakini nyumba hukaa karibu miaka miwili bila shilingi ya kahawa, na mara nyingi katika muda huo mtu hukata tamaa, machipukizi hayapunguzwi, na baada ya miaka mitano kichaka kimerudi palepale. Anza na theluthi iliyo mbaya zaidi.

Jambo jingine: mwaka wa kukata, jua hufika chini. Unaweza kupanda maharagwe au viazi kati ya mistari, ukiacha nafasi kuzunguka kila kisiki. Usipande mahindi humo. Mahindi hurudisha kivuli kile ulichokiondoa na hula chakula kingi. Na mashina uliyoyakata ni kuni nzuri sana, jambo ambalo mama wa nyumba atalijua kabla yako.

Tazama kwanza, kata baadaye

Usiingie na msumeno siku ya kwanza. Ingia na kisu na vipande vya nyuzi au vitambaa vya rangi mbili.

Pita mti kwa mti. Kwangua gome kidogo penye urefu wa goti. Chini ya gome pakiwa pabichi na kijani, mti u hai. Funga kitambaa cha kwanza. Pakiwa pakavu na hudhurungi, kwangua chini zaidi, karibu na ardhi, kwa sababu shina laweza kuwa limekufa juu na kisiki kingali hai. Tazama matundu yenye unga wa mbao: hiyo ni kazi ya bungua. Ukikata chini ya tundu na mbao ikawa safi, mti huo utapona. Bali shina lenye bungua lichomwe upesi, lisilimbikwe jikoni wiki nyingi.

Halafu sukuma mti kwa mkono. Ukiyumba kama jino bovu, fukua mizizi. Ukikuta ukungu mweupe chini ya gome la mzizi, wenye harufu ya uyoga, huo ni ugonjwa wa kuoza mizizi na mti huo hauna dawa. Funga kitambaa cha pili. Mti huo utang'olewa na mizizi yake yote, uchomwe, na shimo liachwe wazi lipigwe na jua. Ugonjwa huo hutembea kutoka mzizi hadi mzizi, na mara nyingi ulianzia kwenye kisiki cha mti mkubwa wa msitu kilichoachwa ardhini. Watu wa skimu waliopewa ardhi iliyokuwa na miti mikubwa waangalie sana hapo.

Wakati na namna ya kukata

Kata baada ya mavuno makubwa kwisha na kabla ya mvua kubwa kuanza. Kwa sisi wa mashariki ya Bonde la Ufa, Kiambu na pande za Mlima Kenya, mavuno makubwa huwa Oktoba mpaka Desemba, kwa hiyo kazi ni ya Januari na Februari, na Machi isikukute na miti mingi iliyobaki. Ukiwa upande wa magharibi mwa Bonde, fuata mavuno yako, kanuni haibadiliki. Mti uliokatwa kabla ya mvua hupata maji wakati ule ule unapotaka kuchipua.

Mti wenye mashina mawili, matatu au zaidi: chagua shina moja, lile lenye majani mengi yenye afya, uliache. Hilo tuliite shina mlezi. Majani yake yatalisha mizizi wakati machipukizi yangali madogo, na litakupa matunda kidogo. Mashina mengine yote yakate kwa msumeno, futi moja hivi kutoka ardhini.

Mti wenye shina moja: usilikate mwaka huu. Ondoa matawi yote ya upande wa mashariki, kuanzia chini kwenda juu, ili jua la asubuhi lipige shina. Shina likipata jua, macho yaliyolala chini ya gome huamka. Utapata machipukizi chini, utayalea mwaka mzima, na baada ya mavuno yanayofuata ndipo utakapokata shina la zamani juu kidogo ya machipukizi hayo. Njia hii ni ya polepole, lakini nyumba haikosi kitu.

Mti uliokwisha kabisa, hauna majani ya kutegemea: huo ukate wote uwe kisiki. Hakuna mlezi hapo, na kumwacha mgonjwa amlee mtoto si busara.

Sasa juu ya kukata kwenyewe. Tumia msumeno. Panga lina haraka, lakini hupasua mbao, na katika mpasuko maji huingia na kisiki huoza mpaka mizizini. Kata mshazari ili maji ya mvua yateleze, kisha laini kingo za gome kwa kisu, na upake rangi au dawa ya kopa iliyokorogwa nzito. Shina refu likate mara mbili, kwanza juu, halafu chini, ili uzito wake usilichane gome wakati linapoanguka. Na ukiajiri vijana, usiwalipe kwa idadi ya miti. Walipe kwa siku, na uwe nao. Mtu anayelipwa kwa mti hukata miti mingi vibaya, naye huenda zake. Wewe utakaa na visiki hivyo miaka sita.

Kulea machipukizi, kazi inayosahauliwa

Mvua ikinyesha, kisiki kimoja chaweza kutoa machipukizi kumi, ishirini, hata zaidi. Mkulima hufurahi. Huu ndio wakati ambapo mashamba mengi yaliyokatwa vizuri huharibika, kwa sababu mwenyewe alidhani kazi imekwisha siku aliyoweka msumeno chini.

Machipukizi yakifika urefu wa shubiri moja, rudi na kisu. Chagua machipukizi manne au matano yenye nguvu, mengine yote uyaondoe hadi chini yasirudi. Baada ya wiki chache tena, chagua mawili au matatu ya kubaki daima. Katika nafasi ya futi 9 mti waweza kubeba mashina matatu. Ardhi ikiwa kavu au maskini, acha mawili. Chagua yale yaliyotoka chini ya mkato kidogo na yaliyoachana, moja huku na jingine kule. Yaliyotoka penye kingo ya mkato hushika kwa gome tu, na siku moja upepo na mzigo wa matunda utayang'oa. Yaliyo pamoja kama mapacha yatasukumana.

Kisha kila mwezi au kila miezi miwili pita tena, ondoa machipukizi mapya. Kazi ya dakika moja kwa mti sasa ni kazi ya nusu saa mwakani.

Shina mlezi utaliondoa baada ya mavuno makubwa yanayofuata, machipukizi yakiwa yamefika kiunoni. Usilihurumie kwa sababu lina matunda mawili matatu. Likikaa mwaka mwingine litawatia watoto kivuli, nao watarefuka na kuwa wembamba kama fimbo.

Mashina mapya yakianza kuzaa, mwaka wa pili kidogo na mwaka wa tatu sawasawa, usiruhusu matawi yajifunge tena. Ondoa vitawi vyote vilivyo karibu na shina kwa upana wa kiganja, ili katikati ya mti pawe wazi. Ondoa matawi yanayogusa ardhi, yaliyokauka, na yanayorudi ndani. Matawi ya chini yakimaliza kuzaa, yakate, matunda yaendelee kupanda. Baada ya miaka mitano hadi saba mashina yatakuwa marefu tena, nawe utalea mengine. Ndivyo kahawa inavyoishi.

Chakula na dawa

Kupogoa hakutoshi katika ardhi yenye njaa. Mti uliochipua bila chakula huzaa mara moja kwa nguvu, halafu matawi hukauka kutoka nchani. Mpe kila mti debe moja la samadi iliyooza vizuri, ulifukie kidogo chini ya kivuli cha matawi, si kwenye shina. Mvua ikikolea, mbolea ya CAN husaidia majani. Lakini udongo wetu mwekundu mara nyingi una uchachu, na CAN peke yake haitoi uchachu huo. Peleka udongo ukapimwe kabla ya kununua chokaa au mbolea. Maabara za taifa za kilimo zingali Kabete, karibu na Barabara ya Waiyaki, na ofisa wa kilimo wa wadi yako atakuelekeza namna ya kuchukua udongo huo. Sangari ing'olewe kwa uma, si kwa jembe, kwa maana jembe huikata vipande na kila kipande ni mche.

Ama chule-buni. Ugonjwa huu ulionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 1922, na SL28 na SL34, pamoja na sifa zao zote, hushikwa nao, tena hushikwa na kutu. Kupogoa kutaupunguza, hakutaumaliza. Ikiwa huna fedha za kupiga dawa kila msimu, usijidanganye: tumia nafasi hii ya kukata ubadili aina. Chipukizi likifika unene wa penseli laweza kuunganishwa na kikonyo cha Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, au Batian, iliyotolewa mwaka 2010. Zote ni kazi ya kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, na zote huvumilia chule-buni na kutu. Mizizi itabaki ile ya mzee, kichwa kitakuwa kipya. Uliza kituo hicho au chama chako cha ushirika wakuonyeshe fundi aliyefunzwa. Vikonyo vya kuokota njiani visikuingize hasara.

Punje na bei

Kahawa ya Kenya kwa miaka mingi imeuzwa kwa mnada katikati ya Nairobi, katika jumba la Wakulima House, Barabara ya Haile Selassie, na siku iliyozoeleka ni Jumanne. Mnunuzi haoni shamba lako wala jasho lako. Huonja kikombe, na hutazama daraja. Punje kubwa zisizopita katika chekecheke yenye matundu ya milimita 7.2 huitwa AA. Zinazofuata ni AB. Zile za mviringo, moja moja ndani ya tunda, ni PB. Chini yake huja punje ndogo, nyepesi na zilizovunjika, na bei hushuka nazo.

Mti uliochoka, uliojaa matawi, hubeba matunda usioweza kuyalisha. Punje hutoka ndogo na nyepesi. Mti uliopunguzwa huweza kuyashibisha matunda yake. Kwa hiyo mkasi wako wa Februari huonekana kwenye chekecheke mwaka unaofuata. Hili watu hawalifikirii. Hulalamikia bei, na mara nyingi wana haki ya kulalamika, lakini sehemu ya bei hiyo ilipotea shambani.

Isipokuwa hivi

Si kila kahawa ifufuliwe. Karibu na Ngong, mahali panapoitwa Karen leo, Karen Blixen na kampuni ya jamaa zake walikuwa na karibu eka 600 za kahawa. Mahali palikuwa juu na baridi mno kwa kahawa, na mvua haikuaminika. Fedha nyingi zilitumika, na mwaka 1931 aliondoka baada ya shamba kuuzwa. Hakuna msumeno ungaliweza kuondoa baridi ile. Ikiwa majirani zako wote wa mwinuko huo huo wenye kupogoa na kutia mbolea bado hawapati kitu, au udongo wako ni mwamba chini ya futi mbili, au zaidi ya nusu ya miti imefungwa kitambaa cha pili, ng'oa bila kujilaumu na upande kinachoelewana na mahali hapo.

Na kama nyumbani hamjapatana, chagueni miti ishirini katika pembe moja. Ikateni Januari hii kwa namna tuliyoeleza, muitie samadi, na mzee apewe kazi ya kuchagua machipukizi, kwa kuwa ana jicho. Miti mingine isiguswe. Wekeni daftari: tarehe ya kukata, tarehe ya chipukizi la kwanza, na baada ya hapo kilo za matunda kutoka pembe hiyo na kilo kutoka miti ishirini ya jirani yake. Karatasi za kupokelea matunda kiwandani zitunzwe ndani ya daftari hilo hilo, na Bwana Shamba au Bibi Shamba akija, mwonyesheni hilo daftari kabla ya kumpa chai.